Viti 85 na daftari la mama

Mama alivunjika mguu akipanga viti. Shughuli yenyewe ilikuwa imeisha tangu saa mbili usiku, watu wameshacheka wameagana wameondoka zao, yeye kabaki ukumbini peke yake anabeba viti vinne vinne anavirudisha stoo, kwenye ngazi ya mwisho akakanyaga hewa. Alikaa pale chini karibu saa nzima mpaka mtu alipopita akaona taa bado inawaka. Na simu alikuwa nayo mfukoni! Nilikuja kumuuliza baadaye, mama, kwa nini hukupiga? Akanijibu, "kila niliyemfikiria nilikuwa nimeshamsumbua wiki hiyo".

Sikumwelewa. Nilidhani ni yale maneno ya wazazi tu.

Basi nikaomba ruhusa kazini, wiki mbili, nikafunga begi nikaenda kumuuguza. Zile wiki mbili zikaja kuwa 11, lakini hiyo ni ya mimi na bosi wangu, tuiache. Ninachotaka kuandika leo ni ile simu yake. Maana mguu umefungwa hogo, yeye kalala, simu ninayo mimi, na siku ya kwanza nilihesabu waliopiga 23 kabla ya saa sita mchana halafu nikachoka kuhesabu. Pampu ya maji imekwama. Nani ana funguo za ukumbi. Binti wa fulani kashikwa uchungu na gari la kumpeleka halina mafuta. Mzee mmoja fomu yake ya pensheni imerudishwa mara ya tatu kisa jina limekosewa herufi moja, anataka aje asomewe barua. Mtoto wa jirani kasimamishwa shule, na hapo hapo mwalimu aliyemsimamisha naye anapiga, anaomba mama amwambie mzazi aje kwa upole kwa sababu jana walitukanana getini. Kuna mmoja alipiga kuuliza mgonjwa anaendeleaje, nikamshukuru sana, nikasema moyoni kumbe wastaarabu bado wapo, akavuta pumzi kidogo akasema, "sasa mwanangu, ile ngazi yenu naweza kuja kuichukua?"

Mimi nimekaa jiji kubwa miaka mingi, na kwenye jiji kubwa shida ina ofisi yake. Ofisi yaweza kuwa mbovu, foleni ndefu, mtu wa dirishani hakuangalii usoni, lakini ipo na ina jina mlangoni. Kwenye mji mdogo wa shamba mtu mmoja anafanya kazi tatu, fundi pampu ndo huyo huyo dereva na jioni ndo kocha wa watoto, nesi ni shemeji wa mwalimu, mwalimu anadaiwa na fundi, na ofisi kubwa iko mbali, ikija inakuja siku moja inaandika majina inaondoka. Kati ya ile ofisi na mtu mwenye shida kuna pengo. Mama yangu maisha yake yote kaishi ndani ya hilo pengo, na hakuna siku mtu alimchagua wala kumlipa.

Niseme ukweli, utotoni nilimchukia kwa hilo. Si yeye, ile hali. Nyumba yetu ilikuwa kama stendi. Unaamka asubuhi unakuta mtu usiyemjua kakaa sebuleni na bahasha mkononi anasubiri. Mwaka mmoja nyumba ya watu iliungua, godoro langu likaenda, nikalala na dada yangu muhula mzima wa shule, na dada yangu anapiga mateke usingizini kama punda. Nilipolalamika mama aliniambia wale watoto ni wanne na godoro lao ni moja, nyie ni wawili na lenu ni moja, hesabu mwenyewe. Nilihesabu. Hesabu ilikuwa sawa na hasira haikuisha.

Sasa kwenye wiki ya pili ya kuuguza nikapewa daftari. Ni lile gumu la jalada nene, pembe zimeliwa, limefungwa kwa mpira. "Usijibu kitu kwenye simu kabla hujaliangalia humo," akaniambia. Nikategemea sijui nini, labda namba za watu. Kumbe ndani kuna kila kitu. Kamba, imerudi. Ngazi, bado. Nani kampeleka nani hospitali na kwa gari la nani. Kurasa za misiba zimepangwa kwa tarehe, nani alichimba, nani alilala na wafiwa, nani alileta kuni, nani alikaa na watoto, halafu pembeni ya majina mengine kuna nukta ndogo. Nikadhani ni wale wakarimu zaidi, kama nyota za mwalimu.

Kumbe nukta maana yake asiombwe.

Yaani huyu mwezi huu mtoto wake anaumwa. Huyu kaachwa na mumewe, hajasema kwa mtu ila mimi najua. Huyu alitoa gari lake mara mbili mfululizo, tukimwomba ya tatu atatoa lakini ya nne hatatoa tena maisha. Nukta inawekwa kwa kalamu ya risasi halafu inafutwa mambo yakikaa sawa, unaona kabisa karatasi imechakaa pale ilipofutwa futwa. Nililiangalia lile daftari nikakumbuka jibu lake la ukumbini, kwamba kila aliyemfikiria alikuwa ameshamsumbua wiki ile. Mwanamke amekaa chini na mfupa umevunjika anapitisha majina kichwani, huyu ana nukta, huyu ana nukta.

Hapo ndo nilianza kubadilisha mawazo, maana siku zote watu wakimsifia mama wanasema "ana moyo". Ana moyo wa huruma, ana moyo wa kusaidia, Mungu kamjalia moyo. Wenye huruma kule ni wengi, mi mwenyewe huruma ninayo, nikiona mtu analia na mimi nalia. Ila sina nukta. Alichonacho yeye ni kumbukumbu, na hesabu, na kujua nani aombwe nini lini, na muhimu zaidi nani aachwe. Hiyo ni kazi kama ya mtu wa ofisini mwenye kiti cha kuzunguka na wasaidizi wawili, tofauti yake ni kwamba yeye anaifanyia jikoni.

Usiku nikiwa sina usingizi (anayeuguza hana usingizi, analala kama sungura) nilikuwa nasoma soma vitu kwenye simu. Nikakutana na habari za Elinor Ostrom, yule mama wa Marekani aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchunguza watu wanaotumia kitu cha pamoja, misitu, malisho, mifereji ya kumwagilia, sehemu za kuvulia samaki. Wataalamu wengi walikuwa wanaamini kitu cha wote lazima kiharibike, kwa hiyo ama serikali ikichukue ama kiuzwe kipate mwenyewe. Yeye akaonyesha kuna jamii zimetunza vitu vyao vizazi na vizazi bila hayo mawili, na akaangalia zinafanana kwenye mambo gani. Sheria wanatunga wenyewe watumiaji. Kuna anayefuatilia na anawajibika kwao. Adhabu inaanza ndogo, inapanda taratibu kadri mtu anavyorudia.

Nikacheka peke yangu gizani. Viti vya mama! Ukumbi una viti 85, ni vya mji mzima, anavitunza yeye. Ukichelewa kurudisha mara ya kwanza hakugombezi, anakuuliza tu mbele za watu "hivi vile viti vinawasaidia bado?" Mara ya pili unakuja kubeba vya mwenzako kwenye shughuli isiyokuhusu. Mara ya tatu ukija kuazima unaambiwa vimeshaahidiwa, na vinaendelea kuwa vimeahidiwa kwa muda wa kutosha. Nilimsomea ile habari asubuhi. Akasikiliza mpaka mwisho akasema, "huyo mama naye alikuwa na viti?"

Halafu kuna kikundi chao cha kuweka na kukopa. Mfumo huu wa sanduku ulianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilikaa na wanawake wa vijijini wakaboresha namna yao ya zamani ya kuchanga, na leo umesambaa nchi nyingi. Watu kama 15 mpaka 25, wanaweka, wanakopeshana, na mzunguko ukiisha kwenye mwaka hivi wanagawana kilichopatikana wanaanza upya. Hela zinakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake, na mwenye sanduku hana ufunguo. Kila kitu kinahesabiwa mbele ya wote, na kikao kikiisha salio linatajwa kwa sauti kila mtu alishike kichwani, kwa hiyo hata asiyejua kusoma ni mkaguzi wa hesabu.

Mama ndo aliyekianzisha kile kikundi na hashiki ufunguo, hashiki sanduku, hajawahi kuwa mweka hazina. Niliuliza kwa nini, nikidhani ni unyenyekevu. Akasema "anayeaminiwa na watu asishike hela zao, siku zikipungua mia mnapoteza vyote viwili". Na kweli kuna mwaka salio lilipungua, mweka hazina akatuhumiwa, watu wakagawanyika mpaka wakawa hawasalimiani njiani, na mtu pekee aliyeweza kuwakalisha chini pande zote mbili alikuwa yeye kwa sababu mkono wake haukuwahi kuingia sandukuni. Ikaonekana ni kosa la kujumlisha. Mweka hazina hajarudi kwenye kikundi mpaka leo. Anasalimia, lakini hajarudi.

Nisije nikamchora malaika hapa, maana ninajua kuna ndugu zangu watasoma. Mama ni mmbea. Lazima awe, utajuaje nani awekewe nukta kama huulizi ulizi? Ana watu anaowapendelea na ukimwambia anakataa. Kuna mama mmoja walikosana kwa kitu kidogo mno, na mwaka mzima yule mama akawa anasahaulika kwenye mambo, haalikwi, hapitiwi, watu wanaangalia uso wa mama yangu kwanza ndo wanajua wamsalimie vipi. Haya ni madaraka, hata kama hayana mshahara wala muhuri, na nilipomwambia hivyo alininunia siku mbili. Siku ya tatu akaniambia nimpigie yule mama simu nimpe aongee naye. Sikusikiliza walichoongea, nilitoka nje. Sawa, nilisikiliza kidogo. Waliongea kuhusu mvua.

Linaloniudhi ni hilo neno kujitolea. Litazame lenyewe, ku-ji-tolea, kitu kinachotolewa pale ni wewe. Nilienda mkutano mmoja kwa niaba yake, kiongozi mmoja akasimama akawasifia "kina mama zetu hawa wanaojitolea", watu wakapiga makofi, na dakika kumi baadaye kwenye mkutano huo huo hela ya msafishaji wa ukumbi ikaondolewa kwenye bajeti kwa sababu si mnaona unasafishwa tu. Aliyekuwa anausafisha kalala nyumbani na hogo! Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti mwaka 2018 likasema kazi za uangalizi zisizolipwa, kupika, kusafisha, kuchota maji, kulea, kuuguza, zinakula saa bilioni 16.4 kila siku duniani, na asilimia 76.2 ya saa hizo ni za wanawake. Ni sawa na watu bilioni mbili wanaofanya kazi saa nane kwa siku bila hata senti. Siku ile mkutanoni nilielewa zile bilioni zinapatikana vipi, zinapatikana kwa makofi.

Ndo maana ninampenda Wangari Maathai kwa kitu kimoja ambacho watu hawakitaji sana. Alipoanzisha Green Belt Movement kule Kenya mwaka 1977, wanawake wa vijijini walikuwa wanaotesha miche na kuipanda, na walilipwa kidogo kwa kila mche ulioshika ukaishi. Hela ndogo, ndogo kweli, lakini ni hela, imeandikwa mahali, na inamwambia yule mama kwamba tumeona ulichofanya na kina bei. Baadaye dunia ikampa yeye Nobel ya amani, 2004. Nilimuuliza mama, wangekulipa ungekubali? Akafikiria sana kuliko nilivyotegemea. Akasema, "wangemlipa msafishaji".

Nilitaka pia kujua alianzaje. Nilikuwa nimeshasoma ya Adelaide Hoodless, mama wa Kanada aliyefiwa na mtoto wake mchanga mwaka 1889, ikaaminika ni maziwa machafu, na uchungu ule ukamsukuma kuhangaikia elimu ya afya ya nyumbani mpaka mwaka 1897 akasaidia kuanzisha chama cha kwanza cha wanawake wa vijijini pale Stoney Creek, Ontario, vyama vya namna hiyo leo vimejaa nchi nyingi. Kwa hiyo na mimi nikajiandaa kusikia jambo zito, nikakaa kitandani kwake, nikamshika mkono kabisa. Mama, wewe nini kilikusukuma?

"Tulikuwa na viti sita," akasema. "Wenzetu walikuwa na viwili. Wakawa wanakuja kuazima."

Nikangoja. Hakuna kilichofuata.

Kwenye wiki ya sita hivi watu wakaanza kuniambia mimi ndo mrithi. Njiani, kwenye foleni ya maji, kwenye simu. "Sasa wewe ndo mama yetu." Wanasema kwa upendo na mimi nahisi kama nafungwa kamba kiunoni, maana nina kazi yangu, nina maisha yangu, na nukta za watu sizijui. Nilimwambia mama nikiwa tayari kwa ugomvi, sitakaa, sitaweza, wasinitegemee. Akaniangalia kama nimesema kitu cha kipuuzi. "Nani kakwambia kinarithiwa?" Halafu akaomba wembe.

Akalikata daftari. Kurasa za maji akasema apewe kijana wa pampu, za wagonjwa apewe nesi mstaafu, za misiba zikaenda kwa wanawake wawili kwa pamoja kwa sababu mmoja ana gari na mwingine ana akili (maneno yake, siyo yangu). Viti akabaki navyo. Mimi kazi yangu ikawa kupeleka karatasi nyumba kwa nyumba, na nikwambie, waliokuwa wanasema "mama ana moyo" ndo hao hao waliozipokea zile karatasi kwa vidole viwili kama zimelowa.

Mambo hayakwenda vizuri, tusidanganyane. Yule kijana wa maji akaona daftari la nini karne hii, akafungua grupu la WhatsApp, watu 140, akatangaza pampu imekufa valvu anahitaji watu watatu na mtu wa kwenda kununua kifaa. Dole gumba zikajaa. Mikono ya kuomba ikajaa. Mmoja akatuma sala ndefu. Pampu ikakaa siku tisa haitoi maji. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walifanya majaribio maarufu wakaona kwamba mtu akijua kuna wengine nao wanaisikia shida ile ile, anakuwa mzito kusaidia, anangoja mwenzake. Mama hajawasikia hao. Alichofanya alimwita yule kijana akamwambia, usiseme nahitaji watu watatu, hakuna mtu anaitwa watu watatu. Mpigie fulani, mwambie nakuhitaji wewe saa kumi uje na spana yako. Siku ya kumi maji yakatoka. Grupu bado lipo, sala zinaendelea.

Wale wa misiba walielewana vizuri sana, vizuri kupita hata mama, na hilo nilimwona linamchoma kidogo. Msiba wa kwanza uliofanyika bila yeye alinituma niende niangalie halafu nirudi nimweleze. Nikamweleza hakikukosekana kitu. "Hakuna kitu kabisa?" Hakuna. Akageukia ukutani akasema mguu unauma.

Wiki ya mwisho kabla sijaondoka kulikuwa na shughuli nyingine pale ukumbini na viti nikasimamia mimi. Nikavitoa, nikavigawa, usiku nikavirudisha na vijana wanne niliowapigia mmoja mmoja kwa jina, nikafunga stoo, nikarudi nyumbani saa tano miguu inawaka moto. Nikajua kalala. Nimepita mlangoni kwake kwa vidole, nasikia kwenye giza:

"Vimerudi vingapi?"

Themanini na tatu, mama.

Kimya. Nikasikia anajigeuza na ule mguu wake, taratibu, kitanda kinalia.

"Viwili viko kwa mwalimu, nyuma ya mlango wa jikoni, vina wiki tatu. Usiviulize kesho. Mtoto wake ana mtihani."